Tabaka Moja na Moshi wa Udi

Mie nna hasira za karibu tangu utotoni. Mama husema nimezirithi kwa bibi, na bibi hayupo tena wa kujitetea. Jumamosi ile hasira hizo zilinifikisha pabaya, na yote kwa sababu ya kitu ambacho hata jicho halikioni.

Nilikuwa namaliza shahada ya uzamili ya fizikia hapa Maskati. Kazi yangu ilikuwa juu ya madini fulani meusi, yenye kung'aa, yaliyopangana tabaka kwa tabaka kama mkate wa kusukuma. Unabandika kipande kwenye selotepu, unabandua, unabandika tena, unabandua, na kila mara kinazidi kuwa chembamba. Ukijaaliwa unapata tabaka moja tu, unene wa atomi tatu. Hapo ndipo maajabu yanapoanza. Kipande kinene ukikimulika kwa leza ya kijani kinaumeza mwanga na kukaa kimya. Tabaka moja linaumeza, kisha linautoa tena ukiwa mwekundu.

Lakini tabaka moja halina ndani. Lote ni ngozi. Chochote kinacholikalia, mvuke, vumbi, mafuta, kinabadilisha namna linavyoujibu mwanga.

Msimamizi wangu hakuviamini vipimo vyangu. Vipande vyangu viwili vya mwanzo viling'aa siku moja, kesho yake vikafifia. Akanambia mbele za watu kwamba Jumapili, siku ya kwanza ya kazi hapa, mtahini akiwepo, niwaonyeshe kipande kinachong'aa, la sivyo sura ya tatu ya tasnifu yangu inatoka. Sura ya tatu ikitoka, nabaki mwaka mwingine.

Jumatano nikakipata cha tatu. Kiling'aa, alhamdulillahi! Alhamisi mafundi wa eya-kondishina wakaja kufungua dari ya maabara, vumbi linaanguka. Nikakipiga picha haraka kwenye hadubini, nikakitia kwenye kisanduku chake cha plastiki, nikaenda nacho nyumbani Ansab.

"Hiki asikiguse mtu," nikamwambia mama, nikakiweka chumbani juu ya meza yangu ya kioo.

"Nani atakigusa? Tupo wawili tu humu," akasema, akacheka.

Ijumaa, kama kila Ijumaa, mama akatia makaa kwenye chetezo na kuifukiza nyumba udi kabla ya sala. Sebule, korido, mapazia, nguo. Nilikuwa bafuni. Nilisikia harufu na sikufikiri kitu, maana nyumba yetu siku zote inanukia hivyo.

Jumamosi asubuhi nikarudi maabara, nikakiweka kipande chini ya leza. Kimefifia. Nikasogeza, nikapima tena. Mstari wa kipimo cha mwanga kwenye skrini haukunyanyuka hata kidogo. Papo hapo nikakiona akilini chetezo cha mama kinapita mbele ya mlango wa chumba changu.

Sikumbuki nilivyoendesha gari. Nilimkuta mama jikoni anachambua mchele wa biriani, maana alishawaalika shangazi zangu wa Darsait waje kunipongeza Jumapili.

"Umekifukiza kisanduku changu!"

"Sikukigusa, mwanangu. Hata mlango wako sikuufungua."

"Moshi haungoji kufunguliwa mlango! Kazi ya miaka miwili, mama! Nyumba ya moshi kama hii haitotoa msomi hata siku moja!"

Nilimwambia hivyo. Mwanamke aliyebaki na mie peke yake baba alipofariki, aliyenipeleka na kunirudisha chuoni kabla sijapata leseni. Aliuweka ungo chini polepole, na mie nikatoka na kuubamiza mlango.

Nikarudi maabara kumwandikia msimamizi kwamba kipande kimeharibiwa na moshi wa nyumbani. Nilitaka niambatanishe picha ya Alhamisi, aone kilivyokuwa safi kabla ya kutoka maabara. Nikaifungua, nikaikuza. Pembeni mwa kipande palikuwa na matone madogo madogo, kama mafuta juu ya mchuzi.

Alhamisi. Kabla ya udi wa Ijumaa.

Nikazifungua picha za vile viwili vya mwanzo. Matone yaleyale. Na vile havijapata kukanyaga nyumba yetu.

Nikabaki nimekodoa macho. Kisha nikaichukua boksi ya glavu, nikainusa. Udi! Kila asubuhi napaka mafuta ya udi nyuma ya masikio na viganjani, kisha naingia maabara, nazichomoa glavu kwa vidole vilevile, naishika selotepu. Pale kwetu mtu hatoki nyumbani bila kunukia, ni aibu. Wenzangu wote walinisifu harufu, hakuna hata mmoja aliyeshtuka, kwa sababu nao wamepaka. Miezi yote hiyo nimekuwa nikivipaka mafuta vipande vyangu mwenyewe.

Nikanawa kwa sabuni hadi viwiko, mara tatu. Nikafungua boksi mpya ya glavu. Nikabandua selotepu mpaka vidole vikafa ganzi. Alasiri nikapata kipande, kidogo mno, nikakimulika roho iko juu. Mstari ukapanda. Nililia, na si kwa furaha peke yake.

Nyumbani niliyakuta mapazia yote yameshushwa, yamelowekwa bafuni. Madirisha wazi, joto lote la nje limeingia ndani. Mama amepiga magoti anakisugua chetezo kwa sabuni na mchanga, makaa kayatupa, kikopo cha udi kakifunga kwenye mfuko wa plastiki.

"Mama, si wewe. Ni mie. Ni mafuta yangu."

"Nilikwambia sikukigusa," akasema bila kunitazama.

"Ulinambia. Nisamehe."

"Nshakusamehe. Nisaidie kuyakamua mapazia."

Jumapili kipande kiling'aa mbele ya mtahini, na sura ya tatu ikabaki. Shangazi zangu walikula biriani wakapiga vigelegele, na mama alicheka kuliko wote. Nikadhani yamekwisha.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa chumbani nakunja nguo. Mama akabisha hodi. Alisimama mlangoni na chetezo mkononi, hakina moto, na akaniuliza kama anaweza kufukiza.

Nyumba ni yake, na aliniomba ruhusa.