Baruti Isiyo na Moshi

Niliondoka Mwakirunge kwa sababu ya nguruwe. Najua wako watakaosema mwanamke hana kazi na baruti, na mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo mpaka miaka ile ya vita. Mume wangu Kalume alichukuliwa uaskari akapelekwa ng'ambo, nyumbani tukabaki mimi, watoto, na baba mkwe wangu, Mzee Karisa, ambaye goti lake moja lilikuwa limekataa kukunjika. Chakula kilikuwa haba pwani nzima. Mahindi yetu ya bondeni yalikuwa yameanza kubeba, na nguruwe mwitu walilijua jambo hilo kabla yetu. Wakiingia shambani mara moja tu, ukienda asubuhi utadhani watu walicheza ngoma humo. Hatukuwa na akiba nyingine. Shamba lile likiliwa, tutakufa njaa, wala sikuzi maneno.

Mzee alikuwa na gobori, bunduki ya zamani ya kushindiliwa kwa mdomo, na cheti chake cha serikali alikihifadhi ndani ya Biblia. Kila jioni alijikokota mpaka kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia, akakaa humo na bunduki yake mapajani. Mlio mmoja ulitosha kuwafukuza nguruwe kwa siku kadhaa. Lakini baruti ilikuwa imekwisha, na tangu iishe alikuwa akipiga debe, nao nguruwe walikwisha kulizoea debe. Sasa walikula wakimsikiliza.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi goti halinifikishi hata kwa Mwatela hapo jirani. Wewe una miguu, na ulimi unao. Nenda Kisauni ukanitafutie baruti."

Ulimi nilikuwa nao kweli. Ndiyo sifa ya pekee aliyowahi kunipa, nami niliipokea.

Alfajiri nilijitwika tenga la kuku, maana fedha hatukuwa nazo, na kabla ya vita jogoo mmoja alitosha kukupatia kibati kizima cha baruti. Watoto niliwaacha na babu yao. Njia ilikuwa kavu, na kuku walilalamika safari nzima kama abiria waliodanganywa nauli. Nilipofika Magogoni shingo ilikuwa imekakamaa, nikapumzika kivulini kwa mama mmoja aliyekuwa akikuna nazi. Aliniuliza naenda wapi, nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaendelea kukuna.

Adhuhuri niliingia Kisauni, moja kwa moja mpaka kwenye duka ambalo Mzee alikuwa akinunua siku zote. Nilimwamkia mwenye duka, nikamwonyesha cheti.

"Baruti hakuna, mama. Vita," akasema.

Sikuondoka. Nilitua tenga langu pale mlangoni, nikakaa juu ya gunia. Wateja wakaingia na kutoka, kuku wakachafua baraza. Alipoona sina haraka, akaniita upande wa ndani.

"Ipo kidogo. Lakini haiuzwi peke yake. Atakaye baruti anunue na kofia."

Akanionyesha kofia za sola, zile ngumu nyeupe wanazovaa mabwana wa mashamba ya katani, zimerundikwa mpaka darini. Aliziagiza kabla ya vita, na hakuna aliyezitaka. Sasa alikuwa amepata njia ya kuziondoa.

"Nitaivaa wapi?" nikamwuliza. "Nikipalilia?"

"Hiyo si shauri yangu. Bunduki yenu yataka baruti, duka langu lataka kuuza kofia."

Kwa kofia na nusu kibati cha baruti alitaka kuku wote na kanga niliyojifunga juu. Nilicheka, na huku nacheka machozi yananilenga, kwa sababu nilimwona mzee mmoja Mdigo akitoka mle ndani na kofia kichwani, ameshika kipakiti kidogo cha baruti. Watu barazani walimcheka. Nilijitwika tenga langu nikatoka.

Jioni ile nililala kwa Bi Mwanakombo, bibi wa Kisauni aliyekuwa akinunua ufuta wetu tangu zamani za mama mkwe wangu. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, na ukarimu wake haukupunguzwa na vita, ingawa sahani ilipungua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu ndani. Kuku hawa waniletea ama wanipitia tu?"

Nikamweleza. Akashika shavu. "Yeo baruti imekuwa dhahabu, wallahi. Hata harusi haipigwi fataki. Mjukuu wangu asema huko Changamwe, karibu na kambi za askari, hakuna kitu kisichopatikana. Lakini mambo ya bunduki mimi siyajui, usije ukasema ni Bi Mwanakombo aliyekutuma."

Nilimwachia kuku mmoja, akakataa, nikamwachia hivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi nilivuka daraja la Nyali, lile lililokuwa likielea juu ya maji na kutikisika chini ya miguu. Mlipishaji alitaka ushuru wangu, akatania kwamba kuku nao walipe. Kisiwani sikutazama maduka. Malori ya askari yalikuwa yakipita, vijana wamesimama nyuma wameshikana mabega, nami nilijikuta nimesimama kando ya barabara nikikagua nyuso zao. Kalume hakuwamo, wala sikutarajia awemo. Hata hivyo kila lori lililopita nililikagua mpaka mwisho, na kila moja liliniachia uchungu mpya. Nilipovuka Makupa kuingia bara upande wa pili nilikuwa nimechoka kwa kutazama kuliko kwa kutembea.

Changamwe nilifikia kwa Sidi, binti wa ami yangu, ambaye mumewe alikuwa kibarua wa reli. Walikuwa wakiishi chumba kimoja, pazia katikati. Sidi alinipa maji, akanisikiliza, kisha akanipeleka nyuma ya kambi kwa mtu mmoja aliyekuwa dobi wa askari. Nguo za kaki zilianikwa kila mahali. Dobi alitupitisha katikati yake mpaka bandani, akatoa mkebe wa sigara, akaufungua. Ndani mlikuwa na punje ndogo za kijivu zinazong'aa.

"Mbona si nyeusi?" niliuliza.

"Weusi ule ni makaa, mama. Wenye maduka wanachanganya makaa ili ijae. Hii imetoka ndani ya risasi za Wazungu wenyewe."

Neno la makaa lilikuwa kweli, kila mtu kwetu alilijua. Mzee mwenyewe aliwahi kuuziwa baruti iliyokuwa nusu masizi. Tulibishana bei mpaka ulimi wangu ukakauka. Yule dobi hakuwa mtu mbaya wa kuogopesha. Alikuwa na kikohozi, akanisaidia kufunga mkebe kwa kitambaa, kisha akachukua kuku wote waliobaki pamoja na tenga lenyewe. Sidi alisema nimepata bahati, wengine walikuwa wakitozwa mbuzi.

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi kichwani. Nililala tena Kisauni, na siku ya pili mchana nikaiona minazi yetu. Watoto walinikimbilia. Mzee alikuwa amekaa mlangoni, macho mekundu kwa kukesha. Sehemu ya chini ya shamba ilikuwa imekwisha kuliwa.

Aliupokea mkebe kwa mikono miwili. Akafanya kama wazee wote wa kwetu wafanyavyo wakinunua baruti: alitia punje chache juu ya kigae, akazigusa kwa kijinga cha moto. Baruti iliyochanganywa hutoa moshi mzito na kuacha kigae kimejaa masizi, na hapo ndipo mwuzaji anapojulikana. Hii iliwaka kwa mwali wa manjano, taratibu, bila moshi. Mzee akapitisha kidole juu ya kigae, akanionyesha. Kidole kilikuwa safi.

"Dama," akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, "umeleta baruti ya kweli. Tangu nizaliwe sijaiona safi namna hii."

Kisha akaitazama tena. "Lakini imewaka polepole. Imepoa kidogo. Tutaiongezea kidole."

Gobori hupimwa kwa vidole. Ukishashindilia, mdeki, ile fimbo ya kushindilia, hubaki umechomoza nje ya mtutu, na mlinzi huweka vidole vyake kando yake kupima kama ujazo unatosha. Babake alipima hivyo, na babu yake pia. Vidole vinne ndivyo vilivyokuwa desturi ya bunduki ile. Mzee alipima vitano, akatabasamu, akaomba nimsindikize mpaka kwenye dungu.

Jua lilikuwa linazama nguruwe walipotoka kichakani, jike mbele na watoto wake nyuma. Nilikuwa chini ya dungu nikikusanya mahindi yaliyoangushwa. Nilimsikia Mzee akivuta pumzi. Halafu ukaja mlio ambao sikuwahi kuusikia kwenye bunduki yoyote, nikaanguka kifudifudi bila kujua nimeangushwa na nini.

Nilipopanda juu, mtutu ulikuwa umepasuka karibu na kitako, umefunguka. Mkono wake wa kushoto haukuwa mkono tena, na shingoni damu ilikuwa ikitoka kwa nguvu. Nilivua kanga nikaibana pale, nikaita watu mpaka sauti ikakatika. Macho yake yalikuwa wazi.

"Wamekwenda?" akaniuliza.

"Wamekwenda, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Mwatela alifika akikimbia, tukamteremsha pamoja, na hapo chini kati ya mahindi akatutoka.

Fundi mmoja wa bunduki aliyekuja mazishini alitueleza kwamba baruti ile ya risasi za vita haifai kwa gobori, hata vidole viwili vingetosha kuipasua. Alieleza kwa upole, naye hakuwa na kosa, ila nilitamani anyamaze. Mzee alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Kama baruti yake ya kila siku ingalipatikana dukani kwa bei ya jogoo, angalikuwa hai.

Nguruwe hawakurudi shambani kwetu msimu ule. Mlio ule uliwatisha kuliko yote waliyowahi kusikia, na mahindi yaliyobaki tuliyavuna yote. Magunia ya kwanza yaliliwa kwenye matanga yake, yaliyongoja mavuno. Nilisonga sima ile mwenyewe, nikawapakulia watu, na kila mmoja aliisifu kwamba ni tamu. Mimi sikuionja.

Mkebe ulikuwa bado umejaa nusu. Siku matanga yalipoanuliwa niliuchukua mpaka kwenye hori, ule mkono wa bahari ulioingia bara, nikamwaga punje zote ndani ya maji, na mkebe nikautupa.

Jioni yake Mwatela akaja, kofia mkononi. Nguruwe walikuwa wamehamia kwenye muhogo wake. Aliuliza habari za watoto, akakohoa, kisha akaniomba nimuuzie ile baruti iliyobaki.

"Mwatela, wewe ndiye uliyeshika miguu yake tukimteremsha."

"Nilishika. Mimi nitapima kidole kimoja tu. Muhogo wangu unakwisha, mke wa Kalume."

"Nimeimwaga horini."

Alinitazama usoni. Nilidhani ananionea huruma.

"Haya," akasema kwa sauti ya chini, "taja bei yako."

Niliapa, nikalia, nikamwita Mungu shahidi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaniaga, akaenda zake. Nilikuwa nimekwenda mpaka Changamwe nikiwalaani wenye maduka, na siku ile nilijifunza kwamba pakiwa na uhaba, jirani hana njia ya kukutofautisha nao. Msimu ule Mwatela alipoteza muhogo wote, watoto wake wakala mizizi ya porini. Tangu hapo, tulipokutana kanisani, alinivulia kofia na kuniamkia kwa heshima, kama mtu anavyomwamkia mwenye duka.