Kaseti Yenye Alama ya Hina

Bendi yetu ilizeeka kabla sisi wenyewe hatujakubali kuzeeka. Tulianza kupiga muziki wa roki Garissa enzi ambazo kantini ya askari ilijaa kila mwisho wa mwezi, na tulipiga kwa fujo kwelikweli, gitaa zikiunguruma na mabati ya paa yakitetemeka. Kufikia miaka ya tisini, wale waliokuwa wakicheza mbele yetu walikuwa wamehamishwa, wameokoka, wamekwenda kuhiji au wamekufa. Sisi tulibaki wanne. Kiongozi wetu, ambaye sote tulimwita mzee hata alipokuwa hajafikia uzee, alikuwa mpiga ngoma. Alikuja kutoka bara akiwa fundi wa pampu za maji, akapewa barua ya uhamisho mara kadhaa, na kila mara akatafuta njia ya kubaki. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya mifugo, na jioni nilikuwa mpiga gitaa. Wawili wengine, wa besi na wa kuimba, hawana sehemu kubwa katika aibu hii, kwa hiyo nitawaacha wapumzike.

Hatukuwa na wimbo hata mmoja wetu wenyewe. Jambo hilo lilinikera miaka yote, na nilipolisema walinitazama kana kwamba nimedai mshahara. Tulipiga nyimbo za watu: za Wazungu wenye nywele ndefu tulizojifunza kwenye santuri, na za Kisomali na za Kiswahili tulizozikaza mpaka wenyewe wasingezitambua. Siku moja mzee akatangaza kwamba tutarekodi albamu nzima ya nyimbo za watu kabla vidole vyetu havijakauka. Alitaka mtu fulani, mahali fulani, atusikilize kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuinuka kwenda kuagiza soda. Alilisema kwa utani, lakini mimi niliyemjua niliona kwamba hakuwa anatania.

Tulirekodi likizoni katika darasa la shule ya msingi, madirisha yamezibwa kwa magodoro. Joto lilikuwa la kuchemsha ubongo. Nyuzi za gitaa zililegea kila baada ya wimbo, na mimi nilizikaza huku nikilaani. Adhana ilipoanza tulinyamaza, kwa heshima na kwa sababu maikrofoni ilikuwa inaivuta yote. Likizo ilipokwisha tulikuwa na kaseti moja nzuri, upande wa kwanza na wa pili, na tatizo la kupata kaseti nyingine za kunakili.

Kaseti mpya zilikuwa ghali kwa watu wa hali yetu. Lakini karibu na soko la mifugo palikuwa na duka la kunakili kaseti, na mwenyewe, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, alikuwa na katoni za kaseti zilizotumika. Nyingi zilikuwa barua. Simu zilikuwa chache siku zile, barabara zilikuwa na majambazi, na watu waliokimbia kutoka Somalia walizoea kuzungumza kwenye kaseti badala ya kuandika. Mtu alikaa mbele ya redio, akasalimia ukoo mzima, akasema shida zake, kisha akampa kaseti dereva wa lori. Aliyeipokea alisikiliza, akarekodi jibu lake juu ya sauti ile ile, akairudisha. Kaseti moja iliweza kwenda na kurudi hivyo mpaka utepe ukachoka. Kwa hiyo kufuta barua ya mtu halikuwa jambo la ajabu kwetu sote. Wenyewe ndivyo walivyofanya.

Mwenye duka aliniambia katoni zile zilikuwa za kaseti ambazo watu walikwisha kubadilishana naye. Nilimwamini, kwa sababu ilinifaa kumwamini. Kila alasiri nilipotoka ofisini nilikaa nyuma ya duka lake, nikajaza karatasi kwenye vitundu vya kaseti ili zikubali kurekodi, nikazijaribu kidogo kuona kama utepe unakwenda, kisha nikanakili nyimbo zetu. Zilinunuliwa vizuri kuliko tulivyotarajia. Madereva wa malori walizipenda kwa sababu kelele iliwazuia kusinzia. Tulisikia kwamba tunapigwa Bura, na kwamba hotelini Ijara kuna mtu amepigana kwa ajili ya kaseti yetu. Mzee alianza kutembea mjini taratibu, ili watu wapate nafasi ya kumwona.

Kisha mwenye duka akaja ofisini kwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja. Alisimama karibu na friji ya chanjo, akanieleza huku akijipangusa jasho. Kuna mama mmoja kutoka kambi za Dadaab ambaye sasa aliishi hapa mjini kwa binti wa kaka yake. Mama huyo alikuwa amepokea kaseti ya mwanawe kutoka Kismayu. Ilipofika mwisho wa upande wa kwanza, utepe ukang'oka. Akaileta dukani irekebishwe, kisha akarudi kambini kuhesabiwa kwa ajili ya kadi ya posho. Msafara wa kurudi ukacheleweshwa na habari za majambazi, wiki zikapita. Mwenye duka aliitengeneza akaiweka kando, na siku fulani, kwa mkono wake mwenyewe au wa mtu mwingine, hakujua, ikaingia kwenye katoni. Sasa mama alikuwa amekuja kuichukua. Ilikuwa na alama ya hina kwenye kona.

Niliikumbuka ile alama. Nilidhani mtoto ameichafua. Nilikumbuka pia kwamba nilimpa dereva mmoja wa lori la ngamia aliyekuwa akielekea Habaswein. Nilijisikia vibaya hata nikashindwa kumwambia mwenye duka akae.

Niliomba ruhusa nikaenda Habaswein. Kaseti niliikuta katika hoteli ambako madereva walisimama kunywa chai, imewekwa juu ya redio. Mwenye hoteli alikubali kubadilishana na nakala nyingine, ila alishangaa kwamba nimesafiri njia yote ile kutafuta iliyo chafu. Sikuisikiliza. Nilijua kilichomo, ni sisi. Niliirudisha Garissa mfukoni mwa shati, na njia nzima nilitamani kungekuwa na mtu wa kumfokea isipokuwa mimi.

Tulimpa mama kaseti yake pale dukani. Alikuwa mwembamba, mrefu, macho yake yameanza kuingia ukungu. Mwenye duka ndiye aliyemweleza kwa Kisomali kwamba sauti ya mwanawe imefutwa. Mimi nilikuwa natazama kandambili zangu. Nilikijua Kisomali cha kutosha kuomba msamaha, na nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Habaswein, lakini hayakutoka. Mama aliifunga kaseti kwenye ncha ya mtandio wake, akaondoka.

Baadaye mwenye duka akaniletea habari nyingine. Yule mama alikuwa akija kununua betri za redio kila baada ya siku chache. Mtoto wa pale nyumbani alisema bibi anasikiliza kaseti ya bendi mchana kutwa. Mwenye duka aliona ni kichekesho, kwamba mama mcha Mungu kama yule, ambaye hakuwahi kusikiliza hata nyimbo za harusi, amegeuka mpenzi wa roki. Mji mzima ukacheka. Mzee hakucheka. Alifurahi kupita kiasi. Nilimkumbusha kwamba ndiye mama tuliyemfutia barua, akasema basi ndio vizuri, amesamehe, muziki umemlainisha. Aliwasimulia watu hotelini kwamba amempata msikilizaji wake. Nilipaswa kumzuia. Sikumzuia, kwa sababu na mimi nilitaka iwe kweli. Niliwaza kwamba labda tumemfutia mtu kitu na kumwachia kingine cha maana, na wazo hilo lilinipa usingizi mzuri. Hadi leo ndilo linaloniumiza zaidi, hata kuliko kufuta kwenyewe.

Siku ya Ijumaa alasiri tukamtembelea, mzee na mimi, tumebeba sukari na majani ya chai. Mzee alikuwa amevaa shati lake la jukwaani. Tulipofika, binti wa kaka yake alitutandikia mkeka na kwenda kuchemsha maziwa. Mama alitukaribisha kwa upole. Alipotambua kwamba mzee hajui Kisomali, akazungumza Kiswahili kwa ajili yake, kile cha sokoni, p zote zikiwa b. Alituuliza nani anapiga nini. Nilipomwambia mimi ni wa gitaa, akanigeukia.

"Wewe ndio ile mtu nakohoa kabla ya wimbo ya tatu?"

Sikujua kama kuna kikohozi kabla ya wimbo wa tatu. Mzee hakujua. Tulikuwa tumeisikiliza kaseti ile mara nyingi sana kwa kujisifu, na hakuna kati yetu aliyekisikia. Mama akaendelea. Alijua mahali ambapo mwimbaji aliingia mapema. Alijua mlango wa darasa ulipogongwa na upepo. Mzee alitabasamu, akanigusa goti. Akamwambia mama kwamba hajawahi kukutana na mtu anayejua muziki kiasi hicho.

Mama alisema muziki haujui. Akaweka kaseti kwenye redio, akabonyeza, tukaanza kujisikia. Alikaa, mikono mapajani. Wimbo wa kwanza ukapita, na wa pili. Kikohozi changu kikapita. Mzee alimuuliza kwa nini asiupeleke utepe mbele mpaka kwenye wimbo anaoupenda.

"Kama nabeleka mbele kwa haraka, itakatika tena," alisema. "Lazima mimi nangoja nyinyi mnamaliza."

Nilianza kuelewa, na nilitamani ule upande usiishe. Wimbo wa mwisho wa upande ule ulikuwa wa Wazungu, wa kupiga kelele, na mzee aliumaliza kwa kupiga kwa pamoja tasa mbili za shaba zilizo kwenye ngoma zake. Kisha pakawa na mvumo mtupu. Kisha sauti ya kijana, karibu sana na maikrofoni, kama mtu anayezungumza huku ameinama. Nyimbo zetu hazikuwa zimeufikisha upande ule mwisho. Palibaki kipande kifupi ambacho sikukifuta, si kwa wema, bali kwa sababu tuliishiwa na nyimbo.

Alizungumza Kisomali na mzee akanigeukia nimtafsirie. Ilibidi nifanye. Kijana alimwita mama yake hooyo, kama Wasomali wamwitavyo mama, akasema: "Hooyo, utepe unakaribia kwisha. Haya yote niliyosema ni salamu tu. Jambo lenyewe nimeliweka upande wa pili. Geuza, hooyo, usikilize vizuri."

Redio ikajizima kwa kishindo. Mama alituambia kwamba hapo ndipo utepe uling'oka siku ile ya kwanza. Alikuwa amesikia upande mmoja, mara moja tu. Upande wa pili hakuwahi kuusikia. Aliupeleka dukani ili ausikie. Na tangu hapo hakuna kaseti nyingine iliyokuja kutoka Kismayu, wala mtu yeyote mwenye habari zake.

Mzee alikuwa ameondoa mkono wake gotini kwangu. Mama akanigeukia mimi, si kwa hasira. Ningefurahi kama angekuwa na hasira. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Wewe ndio ulirekodi. Kabla ya kufuta, lazima ulisikia kidogo. Alisema nini hii bande ya bili?"

Nilikuwa nimesikia. Kila kaseti ya katoni zile niliijaribu pande zote mbili, na kwenye kila upande alikuwapo mtu anayezungumza. Wanaume wakisalimia, wanawake wakilia au wakicheka, mtu mmoja akihesabu mbuzi waliokufa. Na kijana huyu alikuwamo, akimwambia mama yake jambo lenyewe, masikioni mwangu, kwa lugha ninayoielewa. Mimi nilikuwa natazama kama gurudumu linazunguka. Nilijitafuta pale mkekani kwa muda mrefu, nikitaka japo neno moja la kumpa, na nikaona kwamba naweza kubuni. Nilikaribia kubuni. Namwambia mtu yeyote atakayesoma haya kwamba nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

"Sikusikiliza, mama."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekuwa akilitarajia jibu hilo lakini ilimlazimu kuuliza. Binti akaleta chai, akaiweka mbele yetu, hakuna aliyeigusa. Mzee, ambaye nimemjua maisha yangu yote akiwa na la kusema, alikuwa anafungua na kufunga kifungo cha mkono wa shati.

Kisha mama akaitoa kaseti, akaigeuza, akairudisha ndani. Nilimuuliza kwa nini, wakati anajua kilichoko huko.

"Mtoto amesema geuza," alinijibu.

Upande wa pili tulikuwa tumemwachia mzee. Alikuwa ameomba apige ngoma peke yake, bila wimbo, mpaka utepe uishe, ili watu wajue alikuwa nani. Haikubaki nafasi hata ya kuvuta pumzi. Ngoma zikaanza, na mama akainama mpaka sikio lake likakaribia kugusa spika. Kila mara mzee wa kwenye kaseti alipopumzisha fimbo zake kidogo, yeye aliinua mkono kutuashiria tunyamaze, huenda katikati ya mapigo kuna neno lililosalia. Tulinyamaza. Tulikaa pale, mzee na mimi, tukamngojea asikilize mpaka mwisho.