Baba Mkwe Achagua Kuwa Punda

Fundi umeme aliyeitwa Waya hakuwahi kumkatalia mtu jambo. Msimamizi akimtuma darini, kwenye nyaya zisizojulikana zilikotoka, alipanda. Mwenye nyumba akitaka soketi ihamishwe, kisha irudishwe pale pale, aliirudisha na kushukuru. Lakini jioni za Alhamisi, kwenye meza ya kukatia vitambaa katika chumba cha nyuma cha mchumba wake, mshonaji, Waya aligeuka kuwa nusu joka.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: kila mtu hujibunia mhusika, mmoja husimulia safari yao, na penye hatari dadu huamua. Msimulizi alikuwa mshonaji, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyesoma kanuni hadi mwisho. Nusu joka wa Waya alikuwa na magamba meusi, upanga mrefu kuliko mlango, na historia ya kuliza: wazazi wameuawa, kijiji kimeteketezwa, hakuna wa kumwamuru chini ya jua. Mwenzao, kinyozi, alikuwa mpiga mishale wa msituni, masikio yamechongoka, umri karne nane. Naye wazazi wake waliuawa. Meza hiyo ilikuwa imezika wazazi wengi kuliko kipindupindu, ilhali mama yake kinyozi alikuwa akimpigia simu kila mara kumuuliza kama amekula.

Alhamisi moja baba wa mshonaji aliingia bila hodi. Mzee huyu, mtunza ghala mstaafu, alikuwa amepokea posa ya Waya na hajaijibu. Waya alisimama ghafla hata kiti kikaanguka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Endeleeni tu. Nimekuja kumwona mtu anayetaka kunichukulia binti."

Akaelezwa mchezo. Alisikiliza huku ametega sikio kama anayehesabiwa magunia.

"Kwa hiyo nyote ni yatima?"

"Ndiyo, baba," Waya alisema, akiwa na aibu kana kwamba amewaua yeye.

"Na mimi niwe nani?"

"Kuwa mchawi, mzee," kinyozi akadakia. "Itakufaa sana."

Mzee akamkazia macho kinyozi.

"Itanifaa?"

"Nilimaanisha mfalme, mzee. Mfalme!"

Mzee akamgeukia binti yake. "Mahema haya na sufuria hizi mnazozitaja, anabeba nani?"

"Kuna punda, baba. Hakuna anayemchagua."

"Basi mimi ndiye punda."

Safari ikaanza. Nyuma yao jeshi la maadui, mbele daraja la kamba zilizooza. Kanuni zilikuwa bayana: kiongozi humtanguliza punda na mizigo yake, daraja likistahimili, wengine hufuata. Kiongozi alikuwa nusu joka.

"Amuru," mshonaji alisema.

Waya alikohoa. "Baba, samahani, kama hutajali..."

"Unazungumza na nani?" mshonaji akauliza. "Hapa yupo punda."

"Shikamoo, punda."

Kinyozi alijifunika uso kwa kitambaa cha suruali ya mteja. Mzee hakucheka hata kidogo. Alikuwa akitafuna majani ya kufikirika kwa makini.

"Maadui wanakaribia," mshonaji alisema.

"Basi mizigo nitaibeba mimi," Waya akatangaza. "Baba apite mikono mitupu."

"Punda hana mikono," mshonaji akamkumbusha.

"Apite hivyo hivyo!"

Nusu joka akajitwisha mahema, sufuria na sanduku la silaha, akatangulia darajani. Mshonaji, ambaye hakuwahi kupindisha kanuni kwa ajili ya mapenzi, alimwambia kwamba kwa uzito ule ni namba ya juu kabisa tu itakayomwokoa. Dadu ikabiringika, ikaonyesha moja. Asiyeamriwa na yeyote chini ya jua akaporomoka mtoni na sufuria zote, akazama.

"Mimi bado niko ng'ambo hii, nakula," mzee akaarifu. "Hakuna aliyeniambia niondoke."

Kisha akaegemea kiti, na sauti ikabadilika. "Sikiliza, kijana. Jibu la posa ninalo mfukoni. Jibunie mtu mwingine, uje uniswage kama punda anavyoswagwa. Nataka kujua kama umo ndani ya shati hilo."

Waya akajibunia mchunga punda. Akakunja mikono ya shati. Akafungua mdomo. Jasho likamtoka kama yuko darini.

"Punda," alisema, kisha kwa unyonge, "ukipata nafasi."

Mzee akainuka, akachukua kofia. Waya alitazama kofia ile ikipanda kichwani, na maisha yake yote yakipanda nayo.

"We punda!" Sauti ilikuwa ya mshonaji. "Mimi ni mama muuza chai wa hapo njiani. Toka kwenye majani yangu! Kaa chini!"

Mzee akaketi papo hapo, kofia kichwani. Alimtazama binti yake, mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka hadi akashika meza.

"Basi nimekubali," alisema akifuta macho. "Mchukuane. Nilihofia nitaozesha watu wawili wasiojua kuamuru. Kumbe ni mmoja tu."

"Ahsante, baba! Ahsante sana!" Waya aliinama hadi paji la uso likagusa vitambaa.

Mshonaji alikuwa akikusanya dadu. "Umefurahi?"

"Nimefurahi."

"Sema kwa sauti, baba asikie."

"Nimefurahi!" Waya akapaza sauti, kabla hajapata muda wa kujiuliza.