Nimeombwa kumsimamia ubatizo mtoto wa mtu aliyemvunja mume wangu mkono

Admin, naomba unifichie jina, maana huku Ifakara tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, Mpogoro, Mkatoliki wa kuzaliwa, na ni mwenyekiti wa jumuiya yetu. Kila wiki tunasoma Neno nyumba kwa nyumba. Maisha yangu nimeyajenga hapo, sijui msingi mwingine.

Miaka michache iliyopita ng'ombe waliingia kwenye shamba letu la mpunga upande wa Kivukoni, mpunga ukiwa umeanza kuiva. Mume wangu akaenda kuwatoa. Mwenye ng'ombe akampiga fimbo, mkono wa kulia ukavunjika kwenye kiwiko. Ulipona vibaya, mpaka leo haunyooki. Wazee walikaa, yakaisha kwa maneno, lakini moyoni mwa mume wangu hayakuisha. Aliacha kabisa kusali. Ni mwaka huu tu ameanza kurudi kanisani, anakaa benchi la nyuma.

Sasa kwenye jumuiya amehamia mama mmoja Msukuma, mpole, nitamwita Mama Kulwa. Tumezoeana sana. Akaniomba niwe mama wa ubatizo wa binti yake mdogo, nikakubali kwa furaha. Nilipokwenda kwao kusalimia, mume wake akatoka ndani. Ni yule yule mwenye ng'ombe niliyemwona siku wazee walipokaa.

Akainamisha kichwa. "Mama, mimi ndiye niliyemtuma mke wangu kwako. Nasoma mafundisho, na mimi nibatizwe. Nilitaka kuja kwa mzee wako mwenyewe, nikaogopa."

Nilirudi nikamweleza mume wangu kila kitu. Akasema, "Nafanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto kwa sababu ya yule mtu. Mkono ni wangu. Wewe unasamehe kwa mkono wa nani?"

Nikamwambia Injili inatutaka tusamehe. Akajibu kwa sauti ya chini, "Basi chagua. Ukimsimamia yule mtoto, mimi kanisani sikanyagi tena." Tangu hapo hatuongei zaidi ya salamu.

Nikamwendea katekista. Akaniambia, "Mama, siwezi kukuamulia. Ila yule baba ukimkataa, sijui kama atarudi."

Jana Mama Kulwa alikuja na mtoto, kunionyesha gauni jeupe la ubatizo. Mume wangu alikuwa uani. "Shikamoo baba," Mama Kulwa akamsalimia. Mume wangu aliitika marahaba, akamtazama mtoto kwa muda, kisha akachukua jembe akaondoka bila kuniangalia.

Mama Kulwa akaniuliza taratibu, "Dada, baba ameshatusamehe?"

Nikalikunja lile gauni nikamrudishia.

Ubatizo ni Jumapili hii. Nikisimama, mume wangu anapotea, siyo kwangu tu, hata kwa Mungu aliyeanza kumrudia. Nisiposimama, nitafungua vipi tena Biblia mbele ya watu? Ndugu zangu, msinitukane. Aliyewahi kupita hapa aniambie ukweli: Jumapili nisimame na nani?