Pembe ya Nne

Asubuhi ile niliondoka bila kujua ninakwenda wapi. Nilichojua ni mahali ambapo sikutaka kukutwa ibada ikianza: ghala la zamani kando ya mfereji, ambalo kanisa la mama mdogo lilikuwa limelikodi, na ambamo mchungaji alikuwa amepanga kuniwekea mikono mbele ya watu wote ili roho ya kutangatanga initoke.

Mama mdogo alikuwa ndugu wa mwisho wa marehemu mama yangu, na majira yote ya baridi alikuwa amenipa kochi la sebuleni kwake, mtaa wa Laeken, Brussels. Hakuwa mtu mbaya. Shati la kuombewa alikuwa amelipiga pasi mwenyewe na kulitundika mlangoni, liwe kitu cha kwanza nitakachokiona nikiamka.

"Muntu muzima," aliniambia, "masomo uliacha, kazi unaacha, sasa na miye unataka kuniacha? Ile si weye. Ni roho."

Nikamwuliza roho hiyo inaitwaje.

"Unaona?" akasema. "Ile roho njo yenyewe inauliza."

Huenda alisema kweli. Shule niliiacha Lubumbashi nikiwa bado mdogo, mgodi ulipomwachisha baba kazi, na tangu hapo nimejifunza kwa kusimama na kutazama: jinsi mtu anavyonoa msumeno, jinsi unga unavyoumuka, jinsi treni inavyohama reli. Nikishaelewa, nyayo zinaanza kuniwasha. Sikuwahi kuliona jambo hilo kuwa pepo. Lakini asubuhi ile, nikifunga begi huku mama mdogo anaimba bafuni, sikuwa na hakika tena, na nilishuka ngazi kwa kunyata. Shati nililiacha mlangoni.

Ilikuwa Jumapili ya Matawi, miaka michache baada ya euro kuingia. Mvua ilikuwa ile ya Brussels, isiyonyesha wala kuacha kunyesha. Nilifuata mfereji. Nikapita Molenbeek, ambako maduka ya mboga yalikuwa wazi kama siku nyingine yoyote na wazee wa Kimoroko wakibonyezabonyeza machungwa, nikapita viwanda vya Anderlecht vilivyofungwa, nikapita chini ya barabara kuu inayouzunguka mji. Nilidhani ng'ambo yake kuna maghala mengine. Kulikuwa na matope, vichaka vya miiba vilivyochanua maua meupe bila jani hata moja, na shamba. Nilikuwa nimeishi katika mji ule kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mwishoni mwake kuna ng'ombe.

Nikasimama langoni kutazama. Shamba lilikuwa jeusi, halijalimwa, maji yametuama katika matuta ya mwaka uliopita. Pembeni, si mbali nami, bibi mmoja wa Kizungu mwenye kitambaa cha kitawa kichwani alikuwa amezama kwenye tope. Amekumbatia fungu la vijiti vyenye majani, anavuta mguu, mguu hauji. Nikamsikia akikigombeza kiatu chake.

"Toka! Unafanya nini mule? Kiatu ya bure kabisa!"

Kwa Kiswahili. Tena kile cha kwetu, cha Likasi na Lubumbashi. Niliruka lango, nikamshika makwapani.

"Yambo, ma sœur," nikamwamkia, kama tunavyowaita masista kwetu.

Hakushtuka hata kidogo. "Yambo, papa. Vuta polepole, mifupa yangu ni ya zamani. Donc, unatokea wapi?"

"Lubumbashi."

"Commune gani? Mutaa gani?"

"Katuba."

"Katuba! Nilizalisha bamama ya Katuba mingi sana. Pengine weye pia nilikupiga ku matako ulie."

Kiatu kilibaki ndani ya tope. Tulikwenda hadi nyumbani kwao, yeye ameniegemea, mguu mmoja una soksi tu, na njiani akanieleza. Alikuwa mtawa muuguzi, ameishi Katanga tangu ujana, akarudi uzeeni. Sasa shirika lake lilikuwa limemruhusu kukaa hapa kumuuguza kaka yake. Shamba ni la kaka huyo, kama lilivyokuwa la baba yao na babu yao.

Kaka alikuwa jikoni. Kitanda chake kilikuwa kimeletwa kando ya jiko kwa sababu vyumbani kulikuwa na baridi, naye alikuwa amekaa kitako, mito mgongoni, maana akilala chali anakosa pumzi. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko chochote kilichobaki cha mwili wake. Alimtazama dada yake, akatazama ile soksi, akatazama fungu la vijiti likiwa bado zima, akafumba macho.

Mtawa alinivutia kiti, akanipa kahawa, akanieleza shida yao kwa sauti ya chini ingawa kaka yake hakujua neno la lugha yetu. Katika familia ile, kila Jumapili ya Matawi, mwenye shamba hutoka misani na vijiti vilivyobarikiwa. Si mitende; mitende haioti huku. Ni mti mfupi wa uani wenye vijani vidogo vigumu ambavyo havinyauki hata wakati wa theluji. Hukichomeka kimoja katika kila pembe ya shamba na kusali Baba Yetu, na kabla ya hapo jembe haligusi udongo. Kaka yake alikuwa amefanya hivyo tangu baba yao alipokufa. Mwaka huu hawezi kufika hata mlangoni, na daktari alikuwa amesema hataona mavuno.

"Kaka yangu iko na kijana moja tu," mtawa alisema, "anafanya kazi mu biro, ku muji. Alikuya leo na motokari. Baba yake alimuomba. Akacheka, akatoka inje kuvuta sigara. Basi nikasema nitaenda miye. Umeona vile nilienda."

Mzee alisema kitu bila kufumbua macho.

"Anasema hataki kufa akiwa angali ameshika shamba mu mukono. Anataka kumurudishia Mungu yote, muzima, vile alilipewa." Akanitazama. "Miguu yako ni nzuri."

Mzee alifumbua macho, akaniuliza jambo kwa Kiflemi, lugha yao.

"Anauliza kama ulibatizwa."

"Mara mbili," nikasema. Utotoni kwa Wamethodisti, halafu na mchungaji wa mama mdogo, ndani ya bwawa la plastiki la watoto.

Mtawa alitafsiri. Kitu kama kicheko kilitoka kifuani mwa mzee, kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu.

"Anasema basi unatosha kwa shamba mbili."

Nilichukua vile vijiti, lakini sikuinuka. Kule kwetu, mjomba alikuwa na shamba la mahindi nje ya mji, na alizika vijiti vya mganga katika pembe zake ili mwizi akiingia tumbo limvimbe. Mama alipogundua aliving'oa vyote huku akikemea kwa jina la Yesu, na hakumsalimia kaka yake hadi mahindi yakavunwa. Nikamwuliza mtawa waziwazi.

"Ma sœur, hii si dawa?"

Alikuwa anakausha soksi mbele ya jiko.

"Mu vijiji, nilikuwa natembea na padri," alisema. "Tunakuta miti ku pembe ya shamba, tunang'oa. Tunachoma mbele ya mwenyewe. Nilikuwa nasema ni mambo ya shetani. Kuna mwanamuke moja alilia sana, alisema, ma sœur, mihogo yangu sasa itabaki na nani?" Aligeuza soksi. "Na mwaka ile ile, papa yangu alikuwa anaweka yake hapa. Alikuwa ananiandikia: nimeweka, mvua ni muzuri. Sikuwaza. Nakuapia, hata siku moja sikuwaza."

"Na sasa?"

"Sasa nawaza. Enda, mutoto yangu, mbele ya mvua kuongezeka."

Mzee aliita nikiwa mlangoni. Dada yake akatafsiri: pembe ya nne nitaiona kwa mbali, kuna mti mkubwa kando ya maji. Kwa maelezo yake nilielewa kwamba ni mwerebi, mti nilioujua kwenye Biblia tu. Niutazame vizuri kama umeanza kuchipua. Kwake yeye kalenda si kitu. Mti ule ukitoa vichipukizi, ndipo baridi imekwisha.

Pembe ya kwanza nilikichomeka kijiti karibu na kile kiatu kilichozama. Nikasema Baba Yetu kwa Kiswahili, kwa sauti, na nikajisikia mjinga. Pembe ya pili kunguru walikuwa wamekaa juu ya waya, na hawakuruka. Ya tatu ilikuwa nyuma ya zizi. Ng'ombe waliokuwa wamefungiwa tangu kuanza kwa baridi walikuwa wakigonga mbao kwa pembe zao kwa sababu harufu ya majani mapya ilikuwa inawafikia. Hata mimi niliisikia, kidogo, chini ya harufu ya mavi na maji. Hapo sikujisikia mjinga. Sikujisikia mtakatifu pia. Nilifikiria mihogo ya yule mama, nikafika "utupe leo riziki yetu" na kukwama, nikaanza upya.

Mti mkubwa sikuuona. Nilitembea kufuata mtaro hadi nikafika mahali ambapo udongo mweusi ulikuwa umekwanguliwa na kumwagiwa kokoto. Vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu vilikuwa vimepigwa kwa mstari mnyoofu. Mwanamume wa makamo, mwenye koti la mjini, alikuwa amesimama pale anavuta sigara, na kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa mikubwa sikuhitaji kuambiwa ni mwana wa nani.

"Kwa hiyo wamekupata wewe," alisema kwa Kifaransa.

"Pembe ya nne iko wapi?"

Alionyesha kwa sigara. Kando ya mtaro kulikuwa na kisiki, kipana kama meza ya kulia chakula.

"Kipande hiki kimekwisha kuuzwa. Vingine vitafuata. Walikuja na misumeno baba akiwa hospitali." Aliongea kama mtu aliyekwisha kujieleza hivyo mara nyingi akiwa peke yake. "Mimi sijui kukamua ng'ombe. Ningefanya nini? Na shangazi hajui, hafiki huku. Mwache mzee afe na shamba lake kichwani. Mwambie umeviweka vyote."

"Na hiki nikiweke wapi?"

"Popote. Kitupe."

Nilijaribu kukichomeka kwenye kokoto, kikaanguka. Nikaenda kwenye kisiki. Sehemu iliyokatwa ilikuwa bado ya manjano, imelowa, lakini pembeni, kati ya gome na ardhi, vilikuwa vimechomoza vichipukizi vyekundu, vyembamba kama vidole vya mtoto, na katika ncha zake vijani viwili vitatu. Nilipiga magoti kwenye tope, nikakiingiza kijiti katikati yao. Nyuma yangu sigara ilizimwa. Nilipomaliza sala na kugeuka, yule bwana alikuwa ameshika kofia mkononi, kichwa chake kinanyeshewa. Aliirudisha haraka akaenda zake, na punde nikasikia gari lake likiondoka bila kupita nyumbani.

Jikoni mzee alikuwa ananisubiri, macho mlangoni.

"Zote nne," nikasema.

Mtawa alitafsiri. Mabega ya mzee yalishuka, na kwa mara ya kwanza alijiachia juu ya mito. Ningeweza kuaga hapo. Lakini aliuliza tena, na dada yake akageuka kwangu akitabasamu.

"Muti. Umeanza kutoa majani?"

Nilitafuta neno ambalo lingekuwa kweli. "Umechipua," nikasema. "Vichipukizi vyekundu, na majani machache. Nimeyagusa."

Mtawa alitafsiri kwa furaha, na vidole vyake vikaonyesha jinsi nilivyogusa. Mzee aliyatazama magoti yangu yaliyojaa tope, halafu akauliza neno moja.

"Anauliza, juu ao chini?"

"Chini," nikasema.

Alianza kutafsiri, na neno lilipokuwa linamtoka nikaona linamfikia na yeye. Alikuwa amekulia pale. Alijua, kama kaka yake alivyojua, kwamba mwerebi mkubwa huanza majani juu, na huchipua shinani ukiwa umekatwa. Mkono wake ulibaki hewani.

Mzee hakulia wala hakuuliza ni nani aliyeukata. Aligeuza uso ukutani. Niliinama kuchukua begi langu. Nilikuwa nimepitia Jumapili nzima nikikwepa mkono wa mchungaji, na sasa nilitamani mtu yeyote aniwekee mkono wowote.

Sauti ya mzee ilitoka ukutani, kavu, ya kazi.

"Anasema uko na mahali ya kulala?" mtawa aliuliza.

"Sina."

"Anasema kesho ng'ombe zinatoka inje. Kijana hatakuya tena, na miye siwezi kuzifungulia. Iko chumba juu ya zizi."

Alinipandisha ngazi ya mbao akiwa amevaa viatu vya kaka yake. Kilikuwa chumba cha vibarua wa zamani: kitanda cha chuma, godoro la sufu, dirisha dogo lenye utando wa buibui, na juu ya kitanda msalaba, nyuma yake kijiti cha mwaka jana, kimekauka. Alikichomoa, na vijani vikamwagika juu ya blanketi.

"Kila mwaka tunaweka mupya," alisema. Alitazama mikono yangu, kisha yake. Vijiti vyote vilikuwa shambani. "Bon. Utalala bila."

Alikung'uta blanketi, akashuka. Nilivua viatu nikavipanga chini ya dirisha. Nje kulikuwa bado na mwanga, mvua ikiendelea. Chini yangu ng'ombe waligongagonga mbao, na kutoka jikoni, ng'ambo ya uwanja, kikohozi cha mzee kilinifikia, kikakatika, kikaanza tena.