Soketi Iliyofungwa Chini

"Fundi, huo mtungi ukivuja, gesi yake inakwenda wapi?"

Nilikuwa darasa la tano, mwaka 1998, nimechuchumaa nyuma ya nyumba ya wageni ya Mama Sekela hapa Tukuyu, namtazama Fundi Asajile akivuta waya kwenye jiko la nje. Mtungi wa gesi sikuwahi kuuona karibu hivyo. Mama Sekela aliufuata Mbeya, akauteremsha garini kama anateremsha bibi harusi.

"Inarudi kwao Mbeya," fundi akanijibu, skrubu mdomoni.

Watu wakacheka. Mke wake, Esnath, akacheka kuliko wote. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi pale. Walimu na wauguzi waliohamishiwa huku, mama yangu akiwemo, walifuata ndizi mbalaga zake. Alimenya ndizi mbichi bila kutazama kisu, huku anabishana na wateja.

Fundi Asajile alijifunzia umeme kiwandani, kiwanda cha chai. Kilipouzwa, wakapunguzwa, akarudi na bisibisi zake. Siku zile kila mtu alikuwa anafungua biashara, na kila biashara ilitaka taa na friji. Soketi ya friji ya Mama Sekela aliifunga shubiri moja kutoka sakafuni, ubavuni mwa mtungi, kwa sababu waya wa friji ulikuwa mfupi.

Banda la jiko lenyewe lilikuwa la mianzi, wazi pande zote. Mvua za Aprili zilipokaza, Mama Sekela akalizungushia turubai mpaka chini, akalikandamiza kwa mawe. Joto likabaki ndani. Na gesi pia, maana mpira wa mtungi ulikuwa umeanza kupasuka, ila hakuna aliyejua.

Esnath alimwambia mumewe nikiwepo.

"Baba Amoni, humu kunanuka. Nikisimama sisikii kitu. Nikiinama kufagia, inanipiga puani."

"Kabichi zako zimeoza."

"Kabichi gani, mwe? Nimezitupa jana!"

"Basi acha kuinama."

Jumanne asubuhi Esnath akainama kuchomeka friji. Mimi nilikuwa napita kwenda shule. Nilisikia "fuu!", turubai likainuka lote, halafu Esnath akatoka, mikono ameinyoosha mbele, anaitazama kama ya mtu mwingine.

Mama yangu ndiye aliyempokea wodini. Uhai ulikuwa salama. Tatizo likawa mikono: vidole vilivyoungua hushikana vikipona, kwa hiyo kila asubuhi lazima vitenganishwe na kunyooshwa, mgonjwa alie asilie. Alilia. Fundi Asajile alikuwa anakaa nje, ameziba masikio.

"Baba, ingia ujifunze," mama akamwambia. "Akiruhusiwa, wewe ndiye utakayemfanyia nyumbani."

"Nesi, hii mikono yangu ndiyo iliyofunga ile soketi. Nimshike nayo vipi?"

Akaingia mara moja tu. Esnath akaruhusiwa.

Hapo ndipo fundi alipoanza kuzunguka. Kila kulipokucha alitoka na bisibisi, nyumba kwa nyumba, mgahawa kwa mgahawa, kila mahali alipowahi kufunga umeme, anaomba ahamishe soketi ziende juu. Wengine walikuwa na kuni tu, mtungi hawajauota.

"Umeshachoma jiko la mwenzangu, sasa unataka na langu?" mama mmoja wa sokoni akamfokea.

Akachutama. Huku kwetu mwanamke ndiye anayechutama kumsalimu mwanamume, sasa yeye, mtu mzima, amechutama matopeni mbele ya muuza maandazi! Wanawake wakacheka mpaka wakafuta machozi. "Haya, bibi Asajile, umeamkaje?" Mimi sikuweza kucheka. Alikuwa bado anaomba.

Mama alipokwenda kumwona Esnath baada ya wiki tatu, alimkuta peke yake. Bandeji hazikuwa zimeguswa. Alipozifungua, vidole vinne vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana kama mkungu mchanga.

"Baba Amoni yuko wapi?"

"Kwenye soketi za watu," Esnath akasema.

Mama alijaribu kuvinyoosha. Vilikataa, na havijafunguka mpaka leo.

Mwaka huu niko kidato cha nne. Jumapili iliyopita mama alinituma kwao kupeleka sukari. Fundi alikuwa uani anamenya ndizi, Esnath kakaa kwenye kigoda anamsimamia.

"Unamenya au unachonga mwiko?"

"Mwe, niache."

Sijui kwa nini, nikamuuliza fundi tena. Nikamuuliza vilevile, gesi inakwenda wapi. Fundi akaweka kisu chini.

"Inakaa chini, Sia. Kwetu Suma kuna shimo bondeni linatoa gesi. Mbwa akiingia anakufa, mtu mzima anasimama humohumo anamtazama. Hata mtoto anajua gesi inalala chini. Mimi nilidhani hii ya dukani imesoma."