Shemeji Karudisha Masale

Jamani, kumbe nina kesi na mwenyewe sijui!

Nyie wa humu mnajua najisomea, nifanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kila Ijumaa nateremka kutoka Vudee kwenda tuisheni Same mjini, bahasha ya kaki kwapani.

Kijijini sijamwambia mtu. Nikifeli watanicheka.

Sasa Mpare akikuona unashuka mjini na bahasha kila wiki, anawaza kitu kimoja tu: kesi ya shamba.

Leo asubuhi shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, kaja na kuku. Mtu ambaye hajawahi kunipa hata yai!

"Shemeji, haya mambo tuyamalize nyumbani. Masale ya mpakani nimeyarudisha."

Kwani yalitoka?

Kuku nikapokea.

Alipoondoka nikakimbilia shambani. Udongo mbichi kwenye mashina ya masale, ile mimea tunayopandia mpaka, na shamba langu limeongezeka!

Niambieni, nimwambie ukweli au niendelee kusoma?

Maana jioni hii mzee mwenye shamba la chini kaniamkia shikamoo. Mimi! Na kamzidi baba yangu umri.

Kesho nakagua mpaka wa chini.